Moyo wa Aliyepona: Historia ya Madhara ya Baadaye ya Tiba ya Saratani ya Utotoni

Swali la afya ya moyo wa mtu aliyepona saratani akiwa mtoto halikuweza kuulizwa kabla ya nusu ya pili ya karne ya 20, kwa kuwa watu wa kuulizwa habari zao walikuwa hawapo. Mtoto aliyepatwa na lukemia kali, yaani saratani ya damu ambayo uboho wa mifupa huacha kazi yake ya kawaida na kuzalisha chembe nyeupe changa kupita kiasi, alifariki katika muda wa wiki au miezi michache, na madaktari waliomhudumia waliweza tu kumpunguzia maumivu na kumwongezea damu. Walionusurika walikuwa wachache wenye uvimbe uliokaa mahali pamoja, kama ule wa figo uitwao uvimbe wa Wilms, ambao daktari wa upasuaji aliweza kuukata kabla haujasambaa. Kwa hiyo historia inayosimuliwa hapa ni ya tatizo lililozaliwa na mafanikio, na sifa yake kubwa ni kwamba maarifa yake yote yamechelewa: kila tiba iliyookoa kizazi kimoja cha watoto ilikuja kuhukumiwa baada ya watoto hao kuwa watu wazima, wakati ambapo kizazi kingine kilikuwa kimekwisha kutibiwa kwa njia ileile.

Mwezi Juni 1948 Sidney Farber, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya watoto ya Boston nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake taarifa ya watoto 16 wenye lukemia kali waliopewa aminopterini, dawa iliyotengenezwa katika maabara za Lederle chini ya uongozi wa Yellapragada Subbarow, mwanasayansi mzaliwa wa India. Dawa hiyo huiga umbo la folati, vitamini ambayo seli huihitaji ili kujigawa, na kwa kukalia nafasi yake huzizuia seli za saratani kuongezeka. Watoto 10 kati ya hao 16 walipata nafuu ya wazi, ingawa haikudumu, na ugonjwa ulirudi baada ya miezi. Hata hivyo jambo lililodhaniwa kuwa haliwezekani lilikuwa limeonekana likiwezekana, na kuanzia hapo juhudi za madaktari wa saratani za watoto zikaelekezwa kwenye lengo moja tu, yaani kuua seli zote za saratani kabla hazijamuua mtoto, bila ya mtu kuwa na sababu ya kufikiria mtoto huyo angekuwa na hali gani akifika miaka 40.

Dawa ambayo baadaye ingegusa moyo ilitoka ardhini. Katika miaka ya 1950 makampuni ya dawa ya Ulaya yalikuwa yakikusanya udongo kutoka kila pembe na kuchunguza bakteria waliomo, kwa matumaini ya kupata viuavijasumu vipya, na kampuni ya Farmitalia ya Milano ilipata katika udongo uliochukuliwa karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 kusini mwa Italia, bakteria aitwaye Streptomyces peucetius, anayetoa kemikali yenye rangi nyekundu iliyokoza. Kemikali hiyo, ambayo watafiti wa Ufaransa nao waliigundua kwa njia yao wenyewe karibu wakati uleule, ndiyo daunorubisini, na mwaka 1969 Federico Arcamone na wenzake wa kampuni hiyohiyo walieleza ndugu yake, doksorubisini, iliyopatikana kwa kubadili vinasaba vya bakteria yuleyule na kuuzwa kwa jina la Adriamycin. Dawa hizi mbili na jamaa zake huitwa kwa pamoja anthrasaiklini. Hupenya katikati ya nyuzi za DNA, yaani kemikali inayobeba maagizo ya urithi ya seli, na kukivuruga kimeng'enya kinachozikata na kuziunga nyuzi hizo wakati seli inapojigawa, hivyo seli hubaki na nyuzi zilizokatika na kufa. Dhidi ya lukemia, limfoma (yaani saratani za tezi), saratani za mifupa na uvimbe wa Wilms uliosambaa, hazikuwa na mshindani, na hadi leo zaidi ya nusu ya watoto wanaotibiwa saratani hupewa mojawapo ya dawa hizo. Mkojo wa mtoto aliyetoka kupewa dawa hugeuka mwekundu kwa siku moja au mbili, jambo linalowashtua wazazi wengi kuliko linavyostahili. Madhara yanayostahili kuogopwa hayana rangi.

Kwamba dawa hizi huudhuru moyo lilijulikana mapema mno, na kulisema ni kuwatendea haki madaktari wa wakati huo. Kufikia mwaka 1967 taarifa za kwanza za daunorubisini kwa watoto wa New York zilikuwa zimetaja moyo, na mwaka 1973 Edward Lefrak na wenzake walieleza kwamba kati ya wagonjwa 399 waliopewa doksorubisini, 11 walipatwa na hali ya moyo kushindwa kufanya kazi, yaani misuli yake kudhoofika hata isiweze kusukuma damu ya kuutosha mwili. Waligundua pia kwamba hatari ilifuata jumla ya dawa iliyokwisha kuingia mwilini tangu mwanzo wa tiba, na ilipanda kwa kasi jumla hiyo ilipovuka miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mwaka 1979 Daniel Von Hoff na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 3,941 na kuwakuta 88 wenye tatizo hilo, wote wakiwa wameugua ndani ya miezi minane tangu dozi ya mwisho. Hivyo ikakubalika duniani kote kwamba 550 ni mpaka, na kwamba aliyesimama chini yake na kumaliza mwaka mmoja akiwa mzima alikuwa amevuka salama.

Hapo ndipo fikra ilipoteleza. Wengi wa wagonjwa waliohesabiwa walikuwa watu wazima wenye saratani zisizoponyeka, ambao walifariki kwa ugonjwa wao kabla moyo haujapata nafasi ya kutoa siri yake, na kanuni iliyotokana na miili yao ikatumiwa kwa watoto waliokuwa na miaka 60 ya kuishi mbele yao. Mpaka wa 550 ulipima muda ambao mgonjwa alifuatiliwa kuliko ulivyopima uvumilivu wa moyo, na ilihitajika watoto kuishi ili kosa hilo lionekane.

Wakati huohuo tiba ya mionzi ilikuwa ikipita njia nyingine kuelekea mahali palepale. Mwaka 1956 Henry Kaplan, kwa kushirikiana na mwanafizikia Edward Ginzton wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kutumia mashine inayozipa elektroni mwendo mkali sana ili kutoa miale yenye uwezo wa kufika ndani kabisa ya mwili bila kuichoma ngozi, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mdogo mwenye saratani ya jicho. Umaarufu wa mashine hiyo ulitokana zaidi na ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi inayowapata mara nyingi vijana, ambao Kaplan aliushambulia kwa kumulika shingo, makwapa na kifua chote kwa pamoja, kwa kipimo cha takribani grei 40, grei ikiwa ni kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa na mwili. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa unapona. Moyo uliokaa katikati ya uwanja huo haukuwatia watu wasiwasi sana, kwa sababu vitabu vya wakati huo vilifundisha kwamba misuli iliyokomaa, isiyojigawa tena, huvumilia mionzi. Mafundisho hayo yalisahau kwamba moyo una pia mishipa midogo inayoulisha, vali, utando unaouzunguka na nyaya za umeme wake, na kwamba kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupata kovu. Mwaka 1993 Steven Hancock, Sarah Donaldson na Richard Hoppe, wa Stanford ileile, walitangaza hesabu ya wagonjwa 635 waliotibiwa kabla ya kutimiza miaka 21: 12 walikuwa wamefariki kwa magonjwa ya moyo, idadi inayoonekana ndogo mpaka isemwe kwamba ilikuwa karibu mara 30 ya ile iliyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Kituo kilichoitangazia dunia tiba kilitangaza pia gharama yake, na si kila taasisi imekuwa na uaminifu wa namna hiyo.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika simulizi hii, na si nafasi ya pembeni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya ajabu kwa watoto, ambao leo hujulikana kama limfoma ya Burkitt, na katika miaka iliyofuata yeye mjini Kampala na Peter Clifford katika hospitali kuu ya Nairobi walionyesha kwamba uvimbe huo huyeyuka kwa dozi chache za dawa kama saiklofosfamidi na methotreksati, na kwamba baadhi ya watoto walipona kabisa. Kwa kuwa dawa hizo si za jamii ya anthrasaiklini, na vipimo vyake havikuwa vikubwa, watoto wa kwanza duniani kuponywa saratani kwa dawa peke yake, wakiwemo wa Uganda na Kenya, waliondoka hospitalini mioyo yao ikiwa haijaguswa sana. Ajabu moja ya Mulago ni kwamba hospitali hiyohiyo ndiyo iliyoipa dunia ugonjwa mwingine wa moyo: mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa patholojia wa huko ambaye ndiye pia aliyeanzisha daftari la kumbukumbu za saratani la Kampala, alieleza hali ya utando wa ndani wa moyo kugeuka kovu nene, ugonjwa ambao chanzo chake bado kinabishaniwa na ambao uliwapata, na unaendelea kuwapata, watoto wa nchi za joto. Mambo hayo mawili, saratani na moyo, yalikaa katika maabara moja bila ya kukutana.

Mwaka 1967 ulianzishwa Kampala, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, mradi wa tiba ya limfoma uliokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ukiongozwa kwanza na John Ziegler na kisha, baada ya Wamarekani kuondoka katika utawala wa Idi Amin, na Charles Olweny. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Ya kwanza ilifika mwaka 1995. Watoto wenye ugonjwa wa Hodgkin, ambao kama wangekuwa California wangemulikwa kifua, walipewa Kampala mchanganyiko wa dawa nne uliobuniwa Marekani na kujulikana kwa herufi MOPP peke yake, na mwaka 1978 Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya miaka kumi yaliyoonyesha kwamba wengi wao walikuwa hai. Taarifa hiyo ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba Hodgkin ya watoto inaweza kuponywa bila mionzi, na madaktari wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakitafuta njia ya kuuepusha mwili unaokua na mionzi walilazimika kuisoma. Si sahihi kuufanya uhaba kuwa busara: hakuna aliyechagua kuikosa mashine, na dawa za MOPP zenyewe ziliwanyima uzazi wavulana wengi na kuwaletea baadhi ya wagonjwa lukemia ya pili. Lakini kwa upande wa moyo, njia iliyochukuliwa Kampala kwa kukosa nyingine ndiyo ambayo nchi tajiri zilikuja kuielekea kwa hiari baadaye, zilipoanza kupunguza vipimo vya mionzi na kuiondoa kabisa kwa wagonjwa wanaoitikia dawa vizuri.

Kwa lukemia, hatua kubwa ilipigwa Memphis, jimbo la Tennessee, katika hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa mwaka 1962. Donald Pinkel, mkurugenzi wake wa kwanza, aliona kwamba dawa zilizosafisha damu hazikufika kwenye ubongo, na kwamba seli zilizojificha humo ndizo zilizorudisha ugonjwa; kwa hiyo, katika awamu ya tano ya tiba yake, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1967, kila mtoto alimulikwa kichwa kwa grei 24 na kudungwa methotreksati katika maji ya uti wa mgongo. Takribani nusu ya watoto wakapona moja kwa moja, kiwango ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Katika miaka ya 1970 Stephen Shalet wa Manchester, Uingereza, alionyesha kwamba watoto waliomulikwa ubongo walipungukiwa na homoni ya ukuaji, inayotolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kimo chao kiliathirika. Kimo ndicho kilichoonekana kwanza kwa sababu mzazi yeyote huona mwanawe anapobaki nyuma ya wenzake. Kwamba homoni hiyohiyo husaidia pia kuyeyusha mafuta na kulinda misuli ya mtu mzima lilikuwa jambo la kusubiri. Mwaka 1975 Giulio D'Angio, bingwa wa uvimbe wa Wilms, aliwaandikia wenzake kuwakumbusha kwamba kupona peke yake hakutoshi, na wazo hilo likaanzisha taratibu kliniki za ufuatiliaji.

Mwaka 1991 ndipo mpaka wa 550 ulipovunjika. Steven Lipshultz na wenzake wa Boston waliwapima watoto na vijana 115 waliopona lukemia baada ya kupewa doksorubisini miaka 1 hadi 15 nyuma, kwa kutumia eko, yaani kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo ukipiga. Wengi wao walikuwa wakicheza na kusoma kama kawaida, na hakuna aliyewashuku. Hata hivyo asilimia 57 walikuwa na kasoro, ama katika nguvu ya kusinyaa kwa misuli ama katika mzigo unaoukabili moyo unaposukuma damu. Maelezo ya Boston yalikuwa mapya na ya kutisha kidogo. Dawa ilikuwa imeua sehemu ya seli za misuli ya moyo, na kwa kuwa seli hizo haziongezeki ipasavyo baada ya utoto wa mapema, ukuta wa moyo haukunenepa kadiri mwili ulivyokua, hivyo moyo wa mtoto wa miaka 5 ulijikuta ukilazimika kuutumikia mwili wa mtu mzima ukiwa na ukuta mwembamba. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo wakati wa tiba ndivyo pengo lilivyokuwa kubwa, na utafiti wa mwaka 1995 wa kundi hilohilo uliongeza kwamba wasichana huathirika zaidi ya wavulana kwa kipimo kilekile. Hapakuwa na kipimo kilicho salama kabisa. Palikuwa na hatari inayopanda, na mwili unaozidi kudai.

Kasoro za eko si ugonjwa, na wakosoaji walisema hivyo. Ilihitajika hesabu ya watu wengi kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilianza mwaka 1994 chini ya Leslie Robison, kwa utafiti uliowaandikisha zaidi ya manusura 14,000 waliogunduliwa na saratani kati ya 1970 na 1986 katika vituo vya Marekani na Kanada, pamoja na ndugu zao wa tumbo moja wa kulinganishwa nao. Kumchukua ndugu kuwa kipimo kulikuwa uamuzi wa akili, kwa maana ndugu hula chungu kimoja na kurithi damu moja, na tofauti inayobaki kati yao huelekea kuwa ya tiba. Mwaka 2006 Kevin Oeffinger na wenzake walitangaza kwamba asilimia 62.3 ya manusura 10,397 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja sugu, na zaidi ya robo walikuwa na ugonjwa mkali au wa kutishia maisha. Mwaka 2009 Daniel Mulrooney aliugeukia moyo peke yake: manusura walikuwa na uwezekano wa moyo kushindwa kufanya kazi karibu mara 6 ya ndugu zao, na wa kupata shambulio la moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo kuziba ghafla, mara 5.

Upande wa pili wa jambo hili, ule wa namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, ulifuata njia yake na kwa muda mrefu haukuhusishwa na wa kwanza. Mwaka 1988 Gerald Reaven, pia wa Stanford, alikuwa amewaambia madaktari wa kisukari kwamba shinikizo la juu la damu, sukari iliyopanda na mafuta yasiyo na uwiano katika damu mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja, na kwamba mzizi wake ni mwili kuwa sugu kwa insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari ndani ya seli. Hali hiyo, ambayo kitambi ni dalili yake inayoonekana kwa urahisi, ndiyo iitwayo sindromu ya metaboli. Mwaka 1996 watafiti wa Oulu, Finland, waliwapima vijana 50 waliopona saratani utotoni na kuikuta kwao zaidi kuliko kwa wenzao wasiowahi kuugua. Kisha mambo yakaungana moja baada ya jingine. Wasichana waliougua wakiwa na miaka 4 au chini yake na kumulikwa ubongo kwa grei 20 au zaidi walikuwa na uwezekano wa unene wa kupindukia karibu mara 4 ya ndugu zao, kwa mujibu wa Oeffinger mwaka 2003, na ilidhaniwa kwamba mionzi ilikuwa imeharibu sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, inayopokea habari za shibe kutoka kwenye mafuta ya mwili. Mwaka 2009 Lillian Meacham alionyesha kwamba kisukari kilikuwa mara 1.8 zaidi kwa manusura kwa jumla, lakini mara 7.2 kwa waliomulikwa mwili mzima kabla ya kupandikizwa uboho, wengi wao wakiwa si wanene. Mwaka 2012 Florent de Vathaire na wenzake wa Ufaransa na Uingereza waliofuatilia waliomulikwa tumbo walikiona kisukari kikifuata kipimo cha mionzi kilichoingia katika mkia wa kongosho, mahali ambapo seli za insulini zimejaa zaidi. Daktari aliyetegemea macho kumtambua mgonjwa wa kisukari angeweza kuwapita hawa bila kuwashuku.

Utafiti uliounganisha pande hizo mbili ulichapishwa mwaka 2013 na Gregory Armstrong na wenzake, na pengine ndio wenye uzito kuliko yote iliyotajwa hapa, ingawa haukupata umaarufu wa ule wa Boston. Waliuliza jambo rahisi: mtu aliyemulikwa kifua au kupewa anthrasaiklini akipata pia shinikizo la juu la damu, je, hatari zake mbili hujumlishwa au huzidishana? Jibu lilikuwa kwamba huzidishana. Shinikizo la damu kwa mtu ambaye moyo wake uliguswa na tiba lilipandisha hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi kupita kwa mbali jumla ya hatari mbili zikihesabiwa kila moja peke yake, na ndivyo ilivyokuwa pia, kwa viwango tofauti, kwa kisukari, unene na lehemu iliyozidi. Tafsiri yake kwa tabibu ni nzito: dozi iliyopewa mtoto mwaka 1980 haiwezi kurudishwa, lakini shinikizo la damu la mtu huyo akiwa na miaka 35 linaweza kupimwa kwa dakika tano na kutibiwa kwa kidonge cha bei nafuu, na kwa kufanya hivyo huenda sehemu ya madhara ya 1980 ikazuiwa isikomae.

Utafutaji wa kinga ya moyo wenyewe wakati wa tiba ulikuwa na misukosuko. Dawa iitwayo deksrazoksani, iliyotokana na kazi ya Kurt Hellmann katika maabara za utafiti wa saratani za London, ilionekana kulinda moyo, na kwa kuwa hushika madini ya chuma iliaminika kwamba huzuia chuma kisichochee kemikali zenye kuunguza ndani ya seli. Mwaka 2004 Lipshultz alionyesha kwamba troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, ilipanda kwa nusu ya watoto waliopewa doksorubisini peke yake lakini kwa asilimia 21 tu ya waliokingwa. Kisha hofu ikaingia kwamba dawa hiyo huenda huleta saratani ya pili, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kwa watoto; ushahidi wa baadaye haukuithibitisha hofu kwa kiwango hicho, na mwaka 2017 zuio lililegezwa kwa watoto wanaotarajiwa kupewa dozi kubwa. Katikati ya mabishano hayo, mwaka 2012, majaribio ya panya yalionyesha kwamba panya aliyenyimwa katika moyo wake aina moja ya topoisomerasi, kile kimeng'enya kinachozikata na kuziunga nyuzi za DNA, hakudhurika na doksorubisini, yaani dawa hudhuru moyo kwa mlango uleule inaoutumia kuua saratani, na deksrazoksani huenda huufunga mlango huo kuliko inavyoshughulika na chuma. Dawa ilikuwa imetumika miaka mingi kwa sababu ambayo pengine haikuwa yake.

Mabadiliko ya tiba yalizaa matunda kabla ya nadharia kutulia. St. Jude yenyewe, iliyoianzisha mionzi ya ubongo, iliiacha: mwaka 2009 Ching-Hon Pui na wenzake walitangaza kwamba kati ya watoto 498 wenye lukemia waliotibiwa bila mionzi hiyo, asilimia 93.5 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mwaka 2016 Armstrong alihesabu watu zaidi ya 34,000 waliovuka miaka mitano tangu ugonjwa kugunduliwa na kukuta kwamba vifo vya miaka 15 iliyofuata vilishuka kutoka asilimia 12.4 kwa waliougua mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi asilimia 6.0 kwa waliougua katika miaka ya 1990. Miongozo ya kimataifa leo huwaweka katika kundi la hatari kubwa waliopata anthrasaiklini ya jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa mita ya mraba, chini ya nusu ya ule mpaka wa zamani, na hushauri wapimwe eko kila baada ya miaka miwili maisha yao yote. Hata eko ya kawaida haioni kila kitu: mwaka 2015, kati ya manusura ambao moyo wao ulionekana kusukuma damu kwa kiwango cha kawaida, karibu theluthi moja walikutwa na udhaifu walipopimwa kwa mbinu za kina zaidi.

Nchini Tanzania watoto wenye saratani walitibiwa kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, kwenye majengo yaliyotokana na hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya wodi yao kuhamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi katika eneo hilohilo la Muhimbili, na hivyo daktari wa saratani ya mtoto na daktari wa moyo wakawa majirani. Doksorubisini na daunorubisini hutumika katika hospitali kubwa za kanda nzima, na mpango uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 unalenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona ifikapo 2030, kwa hiyo idadi ya manusura wa Afrika Mashariki haina budi kukua. Watakua katika mazingira yasiyofanana na ya Memphis: homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo bado ipo, shinikizo la damu limeenea mijini, na mwaka 2021 watafiti wa St. Jude walieleza kwamba miongoni mwa manusura wa Marekani wale wa asili ya Kiafrika hupata ugonjwa wa misuli ya moyo zaidi ya wenzao wa asili ya Ulaya, na kwamba baadhi ya tofauti hiyo yaelekea kuwa katika vinasaba. Mtoto aliyetibiwa Muhimbili mwaka 2011 akiwa na miaka 6 sasa ni kijana wa zaidi ya miaka 20, anayekwenda kliniki ya watu wazima mbele ya tabibu ambaye hakuwahi kumjua, na kitu ambacho tabibu huyo anakihitaji kwanza, kabla ya eko na kabla ya vipimo vya damu, ni karatasi inayotaja aina ya saratani aliyokuwa nayo, kama kifua, tumbo au kichwa chake kilimulikwa na kwa grei ngapi, na jumla ya miligramu za ile dawa nyekundu zilizoingia mwilini mwake.